Gauni la Namba Kumi na Tisa

Tulimwacha Sindano amesimama jukwaani, karatasi mkononi, mdomo wazi. Alikuwa ameita namba kumi na tisa. Mlango wa pembeni ukafunguka, namba kumi na tisa akaingia.

Alikuwa mdogo wake. Mdogo wake wa tumbo moja, Kitinda, ambaye alfajiri aliaga kwamba anakwenda kumtazama rafiki yake mgonjwa. Na alikuwa amevaa gauni la kijani ambalo Sindano alilikata kwa mkono wake, akalishona miezi mitatu kila alipomaliza kazi za watu, akalifungia kabatini kwa ajili ya siku moja tu. Siku yenyewe ilikuwa hii.

Gauni hilohilo asubuhi alilitafuta nyumba nzima. Mama yao mzazi aliinama kumsaidia, akachungulia mpaka chini ya kitanda.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakusema ufanye nini kikikuvalia na nguo yenyewe.

"Shikamooni!" Kitinda aliwasalimu wakubwa waliokaa mezani mbele ya jukwaa. Dada yake hakumtazama.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, habari ni fupi. Sindano ni fundi wa mavazi wa jumba la maigizo. Miaka kumi na mmoja amewavisha malkia, walevi na mahakimu, na maneno yao anayajua kuliko wao. Sasa jumba linaandaa ile futuhi kongwe ya bwana bahili na mtumishi wake, mchezo uliowachekesha babu za babu zetu, na nafasi ya mtumishi iko wazi. Sindano aliomba naye ajaribu. Mwongozaji akamkubalia kwa sharti: awe wa mwisho, namba ishirini na tatu, na kabla ya hapo awasomee wenzake wote maneno ya bwana.

Tena asome kavu. Ndiyo sheria ya usaili katika jumba lile. Anayesoma haigizi, hapandishi sauti, hachezeshi hata nyusi, ili aonekane yule anayejaribiwa. Tangu asubuhi Sindano alikuwa amewasomea wanawake kumi na wanane, kavu, huku ufunguo wa bwana ukimning'inia mgongoni kwa kamba.

Maana ndiyo kichekesho chenyewe. Bwana anautafuta ufunguo wa stoo ya chakula, anamtuhumu kila mtu, kumbe anao mgongoni. Mtumishi anauona tangu mwanzo. Hasemi. Anakunja mashati.

"Haya fundi, tusichelewe," mwongozaji alisema. "Soma."

Najua wengine wenu mlitaka Sindano amzabe mtu kibao palepale. Hata mimi nilitaka. Lakini angempiga, angetolewa nje, na namba ishirini na tatu ingekufa kabla ya kuitwa. Akasoma.

"Nani ameniibia ufunguo?"

"Bwana," Kitinda alijibu, akaokota shati kwenye meza ya jukwaani, "nyumba hii ina watu watatu. Wa kwanza wewe, wa pili mimi, wa tatu njaa."

Akalikunja shati mara mbili.

"Unataka kusema nini?"

"Sijasema, bwana. Nakunja."

Akalikunja tena. Mezani wakacheka.

Sindano alihisi masikio yanamwaka moto. Kitabu cha mchezo kinasema tu kwamba mtumishi anakunja mashati. Hakisemi kwamba kila tuhuma shati lizidi kukunjwa, lizidi kuwa dogo, mpaka liwe kama leso, halafu mtumishi amkabidhi bwana ajifutie jasho. Hilo alilibuni Sindano, jikoni kwao, miezi mitatu. Kitinda ndiye aliyekuwa bwana siku zote zile, ameshika mwiko, anacheka mpaka anakaa chini. Kumbe alikuwa anahesabu mikunjo.

Na hata wizi wenyewe aliufanya vibaya! Kila akitoa neno la kuchekesha alitabasamu na kuchungulia mezani kuona kama wamecheka. Muuza kichekesho asionje bidhaa yake. Sindano alimwambia hivyo mara mia.

"Nitakufukuza!" Sindano alisoma, na sauti ikamponyoka.

"Fundi!" mwongozaji alikaripia. "Kavu! Nimekuambia mara ngapi?"

Kitinda akainua mkono wa kulia juu. "Nifukuze, bwana! Lakini kwanza..."

Mkono wa gauni ukachomoka begani, ukateremka mpaka kwenye kiwiko, ukadondoka sakafuni.

Sindano alijua utadondoka. Mkono ule hakuwa ameushona bado. Aliushikiza kwa nyuzi nne tu, akinuia kuumalizia asubuhi, na asubuhi kabati akalikuta tupu. Leo Mungu yupo, aliwaza. Aliona midomo ya Kitinda inaanza kupinda, machozi yanapiga hodi.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

Mwongozaji alisimama, akapiga meza kwa kiganja. "Hiyo! Hiyo hiyo! Anatishiwa kufukuzwa, na nguo nayo inamkimbia! Umeibuni mwenyewe?"

Kitinda aliutazama mkono wa gauni pale chini. Akamtazama dada yake. Midomo ikanyooka.

"Ndiyo," akasema. "Nimeibuni mwenyewe."

Mtu anaweza kukuibia nguo ukamsamehe. Anaweza kukuibia na ubunifu wako, ukasema ni utoto. Lakini kukuibia mpaka kosa lako, akapigiwa makofi kwa hilo, jamani!

"Tumempata," mwongozaji aliwaambia wenzake, akaanza kukusanya karatasi. "Ishirini, ishirini na moja na ishirini na mbili waambiwe asanteni, waende nyumbani. Wewe fundi, chukua mkono huo ukaushikize vilevile. Nataka udondoke kila onyesho, kwenye neno lilelile."

"Na ishirini na tatu?" Sindano aliuliza.

"Ndiye nani?"

Sindano aligusa kifua chake. Karatasi ya namba ilikuwa pale, imebanwa kwa pini. Pini zote za usaili siku ile zilikuwa zake, aliwagawia wote ishirini na wawili kwa mkono wake.

"Aa, mama, tuache utani," mwongozaji alisema. "Tumeshapata mtu. Kila mtu na kazi yake. Wewe ukipanda jukwaani, nani atashona?"

"Utani?"

"Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa miaka kumi na mmoja!" Sindano alisema, na sasa hakusoma kavu. "Suruali zako nimezipanua kiuno mara nne, sijamwambia mtu. Leo nawaambia. Waigizaji wako wakisahau maneno, ni mimi ninayewanong'onezea nyuma ya pazia, pini mdomoni. Mwigizaji wako wa mtumishi alipougua, nani alikusomea mazoezi wiki nzima? Nikaomba kitu kimoja. Dakika tano! Unaniita utani?"

Juu ya ngazi, fundi wa taa alijikuta anakohoa ili asicheke suruali.

"Gauni hilo ni langu," Sindano aliendelea. "Kukunja huko ni kwangu. Na huo mkono haukubuniwa na mtu, umedondoka kwa sababu sijaumaliza. Huyu hata kutunga uzi hajui! Kitinda, sema kweli."

"Dada, usinidhalilishe mbele za watu."

"Mimi ndiye ninayekudhalilisha?"

"Siku zote wewe tu! Wewe ndiye unayejua, wewe ndiye unayefundisha. Mimi nishike mwiko!"

"Basi, basi!" Mwongozaji alipiga makofi mawili. "Mambo ya nyumbani mkayamalizie nyumbani. Fundi, shuka jukwaani."

Sindano hakushuka.

"Nimesema shuka. Au kesho usije hata kushona."

Hapo ndipo sauti ilipotoka kiti cha mwisho kabisa, nyuma, kwenye giza la ukumbi.

"Ana namba?"

Wote waligeuka. Alikuwa bibi mwenye jumba, mali ya marehemu baba yake, matofali mpaka pazia. Kila usaili huja akakaa kiti kilekile, miwani puani, mkoba mapajani, na haongei. Wafanyakazi husema hajacheka tangu paa libadilishwe. Ukimuuliza ni lini paa lilibadilishwa, hakuna anayekumbuka.

"Anayo, bibi," mwongozaji alisema, "lakini..."

"Namba haina lakini. Mwenye namba anasikilizwa. Baba yangu aliacha sheria hiyo moja tu kwa usaili, na wewe umeikuta."

"Msomaji ni yeye mwenyewe. Nani atamsomea?"

Bibi alinyoosha kidole kuelekea gauni la kijani.

"Huyo."

Sindano alivua kamba ya ufunguo shingoni, akamvalisha mdogo wake, akausukuma ufunguo mgongoni. Akamkabidhi karatasi. Walikuwa wamekaribiana hata pumzi zinagusana.

"Dada, samahani," Kitinda alinong'ona. "Sikudhani..."

"Soma kavu."

"Dada..."

"Kavu, nimesema."

Hakuwa na gauni. Alikuwa na nguo zake za kazini, futi ya ushonaji shingoni, na kile kimto cha sindano kimefungwa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Miezi mitatu alikuwa amejipangia kumwigiza mtumishi mchangamfu, mwenye tabasamu, wa kurusharusha miguu. Alilitafuta tabasamu lile sasa, hakulipata. Alichokuwa nacho ni hasira, imemjaa mpaka kwenye kucha.

Hasira hasara, husemwa. Aliyesema hajawahi kufanya usaili wa futuhi.

"Nani ameniibia ufunguo?" Kitinda alisoma. Haikuwa kavu. Ilitetemeka.

Sindano aliokota shati. Alilitazama mshono wa kola kwanza, kama fundi anavyotazama, akaguna. Halafu akamtazama bwana wake, kutoka utosini hadi kwenye kidole cha mguu.

"Bwana," akasema, taratibu, "nyumba hii ina watu watatu. Wa kwanza wewe." Akakunja. "Wa pili mimi." Akakunja. "Wa tatu njaa."

Hakuna aliyecheka. Sindano hakutabasamu, hakuchungulia mezani. Alikunja shati lile kwa ghadhabu tupu, pembe kwa pembe, akaupiga kila mkunjo kwa kiganja mpaka meza ikalia.

"Una... unataka kusema nini?"

"Sijasema, bwana." Kofi juu ya shati. "Nakunja."

Chuma kikaanguka kutoka juu. Fundi wa taa alikuwa ameachia spana, ameshika tumbo kwa mikono yote miwili. Kicheko chake kikamwambukiza karani wa mezani, na karani akamwambukiza mlinzi mlangoni. Kadiri walivyocheka ndivyo Sindano alivyozidi kukasirika, na kadiri alivyokasirika ndivyo walivyozidi kucheka. Shati likawa la mtoto, likawa leso, na bado alikunja, meno yameumana, mpaka likabaki donge la kutosha kiganjani. Akamkabidhi bwana.

"Jifute jasho."

Maneno hayo hayamo kitabuni. Kitinda alijifuta kweli, maana jasho lilikuwa kweli.

"Ni... nitakufukuza!"

Sindano aliinua mkono wake wa kulia. Hakuna kilichodondoka. Alichomoa pini moja kwenye kimto, akaokota kile kipande cha gauni sakafuni, akakibana begani kwa mdogo wake kwa mwendo mmoja, kama alivyowafanyia waigizaji elfu nyuma ya pazia.

"Nifukuze, bwana," akasema. "Lakini kwanza geuka."

Kitinda akageuka. Ufunguo ukang'aa mgongoni mwake, mbele ya macho ya watu wote.

Nyuma, kwenye kiti cha mwisho, sauti moja ya ajabu ilitoka, nusu kikohozi, nusu mlango mkavu unaofunguliwa. Mlinzi alivua kofia. Bibi mwenye jumba alikuwa anacheka.

Alipomaliza alifuta miwani, akatembea polepole hadi mezani, akavuta karatasi ya mkataba.

"Ishirini na tatu," alisema. "Nafasi ni yako."

"Bibi, mimi ndiye mwongozaji wa mchezo huu," mwongozaji alisema. "Nikipinga?"

"Pinga. Mlango unaujua, na suruali ulizopanuliwa ondoka nazo."

Mwongozaji alikaa.

Karatasi ilikuwa na mistari miwili ya saini. Wa juu ni wa mwenye nafasi. Wa chini ni wa mbadala wake, yule anayekaa nyuma ya pazia kila onyesho, tayari kupanda mwenzake akiugua.

"Mdogo wako maneno anayajua, na ana uso wa jukwaani," bibi alisema. "Anafaa kuwa mbadala. Lakini hapa kwetu hakuna anayepangiwa mbadala asiyemtaka. Wewe ndiye utakayempa kalamu, au utakayemnyima. Tia saini yako kwanza."

Sindano alishuka jukwaani, akachukua kalamu.

"Mimi sikuiba," Kitinda alisema nyuma yake.

"Kaa kimya."

"Sikuiba, dada! Kabati ulilifunga mwenyewe. Ulikuta kufuli limevunjwa? Limekwaruzwa hata kidogo?"

Kalamu ikasimama hewani. Lile kufuli lilikuwa na funguo mbili. Mmoja uko kwenye pochi ya Sindano, na pochi ilikuwa kwapani kwake tangu jana. Wa pili...

"Nani alikufungulia?"

Kitinda aliinamisha kichwa. Hakuhitaji kujibu, kwa sababu simu yake, aliyoiacha kwenye kiti cha mbele, ilianza kuita. Sindano akaisogelea, akaisoma kiooni. Mama.

Akaipokea. Hakusema hata haloo.

"Umepata?" Sauti ya mama yao ilikuwa ya haraka, ya mtu aliyekaa juu ya simu tangu asubuhi. "Kitinda mwanangu, sema basi, umepata? Dada yako hajakuharibia? Ukirudi usimwambie kitu, niachie mimi nizungumze naye. Yule atanuna siku mbili, atarudi kwenye cherehani yake. Sare za shule zimejaa hapa mpaka mlangoni, akianza kurukaruka jukwaani nani atazishona?"

Sindano alimwona mama yake asubuhi ile, amepiga magoti, anachungulia chini ya kitanda, anasema, pole mwanangu, litaonekana tu. Kumbe katika nyumba yao mwigizaji bora hajawahi kufanya usaili.

"Mama," alisema. "Ni mimi."

Kuku mmoja alisikika upande wa pili. Sindano alisubiri neno moja, samahani, hata ya uongo.

"Basi vizuri umesikia," mama alisema. "Imenipunguzia kazi. Mwachie mwenzako. Wewe una mikono, popote utakula. Yeye ana nini?"

"Nimeshapewa mimi, mama. Kalamu ninayo mkononi."

"Hukunisikia. Mwachie."

"Ulinisaidia kulitafuta, mama. Ulipiga magoti!"

"Na nitapiga tena! Mimi ndiye mzazi, najua nani anafaa wapi. Sasa nisikilize vizuri. Ukitia saini karatasi hiyo, cherehani yako utaikuta nje ya mlango. Na wewe pamoja nayo."

Ukumbi mzima ulikuwa umesikia, maana mama yule haongei na simu, huongea na mtaa. Fundi wa taa alijifanya anakaza balbu. Bibi mwenye jumba alitazama dari lake.

Sindano alirudi mezani. Alibana simu kwa bega, akailaza karatasi vizuri, akatia saini kwenye mstari wa juu, herufi kwa herufi. Hakuwahi kuandika jina lake kwa hasira namna ile.

"Basi ifunikeni turubai, mama," alisema, kavu kabisa. "Asubuhi niliona wingu."

Akakata simu.

Mstari wa chini ulikuwa mweupe. Kitinda alisogea mezani, macho mekundu, akanyoosha mkono kuomba kalamu. Pini ya dada yake ilikuwa bado inashikilia gauni pale begani.

"Dada," alisema. "Akikufukuza wewe, mimi nitalala naye vipi nyumba moja?"

Akaishika kalamu upande wake. Sindano hakuiachia.